Muulize Shangazi Msimamizi

*Shangazi, shikamoo. Nina steshenari hapa Mpitimbi. Kijana niliyemwachia kompyuta anashinda kwenye mikeka huku wateja wa fotokopi wakisubiri. Nimesikia faili la hosts linaweza kuzuia tovuti za kubeti. Nikiliandika kwa Notepad na kuhifadhi, naambiwa sina ruhusa. Kompyuta nimenunua kwa hela ya mahindi yangu! – Mwenye Mali*

Marahaba, mwanangu. Windows haijui habari za mahindi. Tangu Vista ya 2007, hata msimamizi akifungua programu, hupewa haki za mtu wa kawaida mpaka athibitishe. Wewe unayechomekewa flashi za kata nzima usilalamike: virusi navyo vinakutana na mlango huohuo.

Kwanza nakili faili uweke kando. Tafuta Notepad, bofya kitufe cha kulia, iendeshe kama msimamizi, kisha ingia C:\Windows\System32\drivers\etc. Hulioni? Chagua faili zote, maana Notepad huonyesha za .txt tu. Chini kabisa andika 127.0.0.1, acha nafasi, halafu jina la tovuti. Lenye www lipe mstari wake. Kompyuta itaitafuta tovuti hiyo ndani ya tumbo lake yenyewe na kuikosa. Hakikisha hukuhifadhi hosts.txt, hilo halizuii hata nzi.

Na kijana mpe akaunti ya kawaida, la sivyo atafuta mistari yako chai haijapoa. Simu iliyo mfukoni mwake, hiyo Shangazi hana faili lake.

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa hisabati, natumia Ubuntu. Nilichoka sudo kuniuliza nywila, nikahariri sudoers kwa kihariri cha kawaida. Nilikosea alama moja tu. Sasa sudo imegoma, hata kuitumia kurekebisha kosa siwezi. – Nimejifungia Nje*

Pole, mwalimu. Umefunga ghala la AMCOS, ufunguo umebaki juu ya magunia. Jaribu pkexec visudo, njia isiyopita kwa sudo. Ikikataa, washa upya, ingia hali ya uokoaji kupitia menyu ya GRUB, chagua root, andika mount -o remount,rw / halafu visudo. Hiyo visudo husahihisha kazi kabla haijakusanywa, nawe ulipaswa kuanzia hapo.

Nywila iache iulizwe. Ubuntu kwa kawaida huikumbuka dakika 15, na kipindi chako kina 40. Mara tatu, mwalimu. Vidole vitapona.