Shanga za Udi na Nyuki wa Mpanda

Mji wa Mpanda, ambao umekuwa mwisho wa reli tangu mwaka 1950, tawi la njia kutoka Kaliua lilipofikishwa huku kwa ajili ya madini ya risasi, na ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya mkoa wa Katavi, una harufu zake, na mtu aliyehamia kutoka pwani aghalabu huujua kwa pua kabla hajaujua kwa miguu. Ipo harufu ya tumbaku iliyokaushwa, ambayo hung'ang'ania nguo za kila aliyepita karibu na ghala. Ipo ya migebuka na dagaa wapandao kutoka Karema na Ikola, kando ya Ziwa Tanganyika. Ipo ya pumba za mpunga mashineni. Na kiangazi kikishakaza, ipo ya moshi wa pori liunguapo, ambao huingia majumbani pasi na hodi. Sisemi kuwa harufu hizi ni mbaya, maana kila moja ni riziki ya mtu. Nasema tu kwamba zikikutana zote sebuleni kwangu wakati wa adhuhuri, pazia limetulia na upepo haupo, hazipatani.

Mke wangu ni mzaliwa wa Pangani, na kwa watu wa kwao nyumba isiyofukizwa ni sawa na bibi harusi aliyetolewa nje bila ya kanga. Chetezo chake kimesafiri naye katika kila kituo nilichopangiwa kufundisha, kimefungwa ndani ya mto ili kisivunjike, na kwa miaka yote hiyo kila jioni ya Alhamisi, na kila siku iliyopikwa samaki, na kila alipotazamiwa mgeni wa heshima, kaa la moto liliwekwa humo na kipande cha udi juu yake. Lakini udi hauoti Katavi. Mti wake huota huko Asia, toka Assam hata Rasi ya Malaya na visiwa vya Indonesia, nao ukiwa na afya hauna harufu ya kutajika. Ni mpaka upatwe na jeraha, ukuvu uuingie, ndipo hujitibu kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya moyo wake, na utomvu huo ndio tunaouchoma. Kwa kuwa watu walikata wazima na wagonjwa bila ya kubagua, aina yake mashuhuri iliwekwa mwaka 1995 chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe walio hatarini, na bei yake imekuwa ikipanda kwa mwendo ambao pensheni ya mwalimu haiwezi kuufuata.

Ikawa, basi, kwamba kopo la udi nyumbani kwetu lilibaki na vumbi tu, ilhali jirani yetu wa upande wa mashariki, mama mkarimu sana na mfanyabiashara hodari, alikuwa ameanza kuanika migebuka juu ya chanja lililopakana na dirisha letu. Kumwambia ahame hakukuwezekana, kwani adabu hairuhusu, na fauka ya hayo alikuwa akituletea samaki kila wiki. Mke wangu akampigia simu shangazi yake aliyeko Unguja, akaomba mapishi ya udi wa kuunga, ule ambao kwa vipande vichache vya udi hupatikana vidonge vya kutosha mwezi mzima.

Mapishi ya shangazi, kwa jinsi nilivyoyasikia yakisomwa kwa sauti iliyojaa uwanja mzima, yalikuwa haya: sukari iyeyushwe kwa marashi ya mawaridi mpaka ianze kuvuta, iongezwe unga wa udi na unga wa msandali, kisha miski, zafarani, na ambari kwa mwenye uwezo, ikolezwe kwa moto mdogo, ipoe, ifinyangwe vidonge, na vidonge vikae ndani ya chupa iliyofunikwa mpaka viivane. Nilisikiliza kwa taadhima. Lakini nilipokuwa nikisikiliza, fikra ilinijia ambayo shangazi, kwa ukubwa wote wa ujuzi wake, hakuwa ameifikia: kwa nini vidonge hivyo vingoje makaa? Vikitobolewa kwa sindano vingali laini, vikatungwa katika uzi kama shanga, vikaning'inizwa mlangoni pa sebule, si vitatoa harufu usiku na mchana bila ya kuchomwa, na kila apitaye akivigusa vitazidi kunukia? Ningepata pazia na manukato kwa gharama moja. Mke wangu alinitazama kwa muda, akasema kuwa mimi ni mwenye nyumba, kauli ambayo waliooa wanaijua.

Vitu vilivyokosekana Mpanda nilivitafutia badali. Badala ya msandali nilichukua vumbi la mninga kwa fundi seremala, vumbi lenye rangi ya kupendeza na uwezo mkubwa wa kupigisha chafya. Mawaridi hayakuwako dukani, ila mwenye duka alikuwa na arki za kutilia keki, na miongoni mwake nilichagua ile ya ndizi, kwa kuwa chupa yake ilikuwa kubwa na harufu yake ilinikumbusha soko la asubuhi. Miski ilitoka katika kichupa cha mke wangu, bila ya majadiliano marefu. Ama sukari, hapo ndipo palipozuka hoja.

"Baba," mke wangu aliniambia, amesimama mlangoni pa jiko mikono kiunoni, "shangazi kasema sukari."

"Shangazi yuko Unguja," nilimjibu, "ambako asali hupimwa kwa kijiko. Sisi tuko Mpanda, ambako hupimwa kwa ndoo."

"Na nyuki je?"

"Nyuki wako porini."

Kauli ile naiona hata leo kuwa ilikuwa sahihi wakati ilipotamkwa. Asali ya miombo, hasa ile itokayo upande wa Inyonga, ambako wazee hadi sasa hutundika mizinga ya magome juu ya miti mirefu, ni nyeusi, nzito, na ina harufu ya moshi kidogo ambayo niliihesabu kuwa ni faida. Niliweka jiko la mkaa nje, chini ya mwembe, kwa sababu jikoni hakuna hewa, nikabandika sufuria, nikamimina.

Asali inayochemka ni tofauti na maji yanayochemka, na asiyewahi kuiona asidhani kuwa amekwisha kuielewa kwa kusimuliwa. Kwanza hutulia, ikalainika, ikawa nyepesi hata mwiko ukapita bila ya kizuizi. Kisha pembeni mwa sufuria hutokea ukanda wa povu la rangi ya dhahabu, mapovu madogo madogo yaliyobanana. Kisha, bila ya indhari, povu lote hunyanyuka kwa pamoja, likapanda, likafurika, likaangukia makaa. Humo mlikuwa na mabaki ya nta pia. Harufu iliyotoka hapo sina budi kuisifu: ilikuwa tamu, nzito, ya kukumbatia, ikasambaa juu ya ua na kupita paa, nami nikajisemea kuwa migebuka imepata mpinzani.

Nyuki wa kwanza alikuja peke yake. Alitua ukingoni mwa sinia, akatembea, akaonja, akaondoka kwa heshima. Kiangazi nyuki wa huku hutembelea majumba kutafuta maji, kwa hiyo sikuona ajabu. Muda si muda wakaja wenziwe, wakatua juu ya mwiko, juu ya kifuniko, juu ya mkono wangu, wote wapole, kila mmoja na shughuli yake. Mke wangu alikuwa amekwisha kuingia ndani na kufunga dirisha. Mimi niliendelea kukoroga, vumbi la mninga limekwisha kuingia na rangi imeiva, na nyuki wale wakanisindikiza kwa uvumo ambao, kwa kweli, ulikuwa na raha yake. Nilipoona mchanganyiko umeshikana, nikafungua chupa ya arki ya ndizi nikaimimina yote.

Yaliyofuata hayakuwa na utaratibu wa kuweza kusimuliwa kwa mpango. Uvumo ulibadilika sauti. Wa kwanza alinichoma nyuma ya sikio, wa pili juu ya jicho, na baada ya hapo hesabu haikuwa na manufaa. Nilikimbilia bafuni nikajifungia, na humo, kwa tundu la mlango, nikashuhudia mji ukitawanyika: mwendesha bodaboda aliyekuwa akingoja abiria chini ya mwembe aliacha pikipiki ikinguruma, mbuzi wa jirani alikata kamba, na jirani mwenyewe, mama yule mkarimu, alipiga ukelele akaingia ndani akaliacha chanja lake wazi. Paka wa mtaa mzima, ambao inaonekana hawaogopi nyuki au wanapenda migebuka zaidi ya nafsi zao, walikuja kwa safu na kuondoka kwa safu.

Tuliokolewa na mzee mmoja, mrina asali wa siku nyingi kutoka Inyonga, aliyekuwa mgeni wa jirani. Alitoka taratibu, amejifunga shuka kichwani, amebeba kigae chenye samadi kavu ya ng'ombe inayofuka moshi, akaizunguka sufuria mara kadhaa kana kwamba anafagia, akaifunika kwa gunia lililoloweshwa, akakaa kitako kungoja. Kundi lilipopungua ndipo nilipotoka, uso umevimba hata nikashindwa kuamkia sawasawa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepika nini?"

Nilimweleza. Alichovya kidole, akanusa, akacheka mpaka akakohoa. "Kwa asali umewaita," alisema, "na kwa ndizi umewatukana."

Nilidhani ni maneno ya mzee tu, lakini nimekuja kujua baadaye kwamba elimu iko upande wake. Nyuki akichoma huacha mwiba, na penye mwiba hutoka harufu ya kuwaita wenziwe waje kushambulia papo hapo, harufu ambayo pua ya binadamu huiona kama ya ndizi mbivu. Mwaka 1962 wataalamu waliibainisha kemikali iliyomo, isoamili asetati, nayo ndiyo hiyo hiyo itiwayo viwandani katika peremende na arki za ndizi. Ndiyo maana wafugaji wa nyuki huusiwa wasile ndizi kabla ya kwenda mizingani. Mimi, kwa chupa nzima, nilikuwa nimepiga mbiu ya vita iliyosikika hata porini. Lakini nauliza: ni wapi katika chupa ile palipoandikwa onyo? Palichorwa keki, na mtoto anayetabasamu.

Moshi wa samadi, ambao ndio uliotupa amani, uliingia kila chumba na kukaa wiki nzima, kwa hiyo nyumba iliyokusudiwa kunukia udi ikanukia zizi, nami nilimlipa jirani thamani ya migebuka yake kwa moyo mkunjufu, ingawa paka hawakuwa wangu. Shanga zenyewe nilizifinyanga usiku, nyuki wakiwa wamelala. Zilikuwa nzuri kwa macho, za duara, nyekundu zenye weusi, lakini hazikukauka. Asali hunyonya unyevu wa hewa, na shanga ambayo sukari ingeigeuza jiwe, asali iliiacha laini na yenye kunata, hata kila uzi nilioutundika mlangoni ukarefuka kidogo kidogo kuelekea sakafuni. Sisimizi waliukuta. Mgeni wetu wa kwanza, mzee wa msikiti aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi, alipita kati ya nyuzi zile, na tulimsindikiza jioni akiwa na shanga kadhaa mgongoni ambazo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumtajia. Kijana mmoja wa mtaa wa pili, baada ya kutazama mlango wetu kwa siku nyingi, alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama dawa ile ni ya mapenzi au ya biashara, na kama mwanafunzi hupunguziwa bei. Nilipomwambia ni ya harufu tu, aliniaga kwa uso wa mtu aliyeamini kuwa amefichwa siri.

Hukumu yangu juu ya jambo hili ni kwamba udi wa kuunga ni wa sukari, na kwamba asali ya Inyonga ni bora kuliko asali zote nilizoonja, ikiwa juu ya mkate. Nyuzi zilizobaki alizichukua yule mzee. Amezibandika ndani ya mizinga yake mitupu ili kuwavutia nyuki waingie, maana nta na asali ndizo chambo cha mzinga mpya, na ameniletea salamu kwamba baadhi ya mizinga imekwisha kupata wenyeji, kwa hiyo anaomba nimpikie nyingine bila ya ndizi. Mke wangu amekataa kwa niaba yangu.

Nawe msomaji, kama una safari ya kuja kwetu kwa treni ya Tabora, na kama umepita Kariakoo au Darajani na umeona nafasi kidogo katika mzigo wako, tunakuomba utuletee udi, hata wa vipande vidogo. Makaa tunayo, chetezo kipo. Arki ya ndizi usilete.