Fundi Yuko Konani

Kona za barabara ya Mtwara kwenda Newala zina mwisho. Za fundi cherehani hazina.

Nilimpa kitambaa cha kanzu wiki mbili kabla ya harusi ya binti wa mjomba. Asubuhi ya siku yenyewe nikampigia simu. "Nipo konani hapa, kaka, nakuona kabisa." Mtaani kwetu Naliendele nzima asingeniona mtu, maana nilikuwa chumbani nimejifunga taulo. Nikavaa upesi, nikaenda kibandani kwake. Kufuli. Kijana wa vocha wa jirani akanieleza bila kuinua macho: "Fundi kala kona tangu jana."

Mjomba, mwalimu mstaafu, hakunipa pole, alinipa somo. Kona tumeitoa kwa Waingereza, wao wakaitoa Ufaransa, na mzizi wake ni Kilatini, cornu, yaani pembe. Pembe! Kitu tulichokuwa nacho siku zote, cha ng'ombe na cha nyumba. Hata ujanja haukusubiri meli: mambo yalikuwa yakienda kombo na sheria zikipindwa kabla kona haijashuka bandarini. Ilipofika ikapewa kazi zote mbili, ya barabarani na ya mdomoni. Uwanjani tu ndiko imebaki na heshima zake. Kona ikipigwa, kila mtu anaona kibendera.

"Lakini huku kwetu," akaendelea mjomba, na hapo nikajua chai itapoa, "konakona ya korosho ina jina lake." Kangomba: mlanguzi anamwahi mkulima mwenye shida, ananunua kwa kopo nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, na kopo hilo halijawahi kukutana na mizani. Mwaka 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi wakazisomba, wenye makopo walitafutwa kweli kweli. Mafundi cherehani hawakuguswa. Naona hapo serikali ilipitiwa.

Basi nikaenda harusini na kanzu ya mjomba, iliyoniishia kwenye ugoko. Pilau ilipoingia, nikamwona fundi jamvi la pili, kanzu mpya, shingo imedariziwa vilevile nilivyoagiza. Macho yetu yakagongana. Akameza tonge, akajifuta mkono, akaja kunong'ona:

"Shikamoo kaka. Nilikuwa naijaribu mabega tu."