Waitu Dumu Lililopasuka

Enzi za Abakama, wafalme wa Wahaya, mpiga enanga alikaa mbele ya mfalme akayaimba matendo yake. Mimi sina enanga, na Omukama wangu yuko uani, ameegemea mgomba: dumu la njano la lita 20, limepasuka ubavu. Namwita Waitu kwa heshima, namsifu hivyohivyo.

Alianza na mafuta ya kula, akahamishiwa maji. Miaka yote hiyo alipanda mlima kutoka kisimani akiwa kichwani mwa watu. Mfalme gani amebebwa juu zaidi? Kifuniko kilipopotea, kidole cha ndizi mbichi kilikaimu nafasi yake, na hadi leo hakijathibitishwa kazini.

Wengine wakistaafu hukaa barazani kulalamikia kiinua mgongo. Ukoo wa madumu ukipasuka ndipo vyeo huanza. Shingo hukatwa ikawa faneli ya kumiminia rubisi, pombe ya ndizi. Kitako hunywesha kuku. Ubavu ukikatwa kimshazari huzoa taka, na vipande vya mwisho hukaa chini ya misumari ya bati, maana mvua ya Bukoba haimsamehe mwenye tundu. Ofisi nne, posho hakuna.

Novemba senene wakija, dumu lililokatwa juu huwekwa chini ya bati chakavu, kando ya taa. Senene hugonga bati, huteleza, huingia. Nionyesheni mtawala mwingine ambaye kodi humjia ikiruka kwa mbawa zake yenyewe.

Mdogo wao wa lita 5 alitobolewa, akaning'inizwa, akafungwa kamba ya kukanyaga, akaitwa kibuyu chirizi ingawa hajawahi kuwa kibuyu. Machi 2023, homa ya Marburg ilipotangazwa Kagera, hata mgeni aliyeshuka kwenye gari kubwa aliinama mbele yake kunawa kwanza, ndipo akawasalimu wenye mji.

Wenye wivu husema haozi. Kweli. Kwenye kibanja, majani ya migomba na maganda ya kahawa hugeuka mbolea. Ukimzika yeye, jembe la mjukuu wako litamkuta palepale, na unjano wake. Ukimchoma, kijiji kizima kitajua kwa pua. Kwa kuwa hakuna namna ya kumwondoa, kuanzia Bukoba hadi Muleba tumeamua kumpa kazi.

Abakama waliozikwa wamekuwa udongo. Huyu anasubiri kupangiwa kituo kipya.