Joto Langu Halihitaji Kamera

Mimi sipendi kuumizwa. Nasema mapema ili asije mtu akanishangaa huko mbele. Sindano nageuza uso, daktari wa meno namkwepa mpaka jino lenyewe linisaliti, na ile mamografia, mashine ya eksirei inayolaza ziwa kati ya vibao viwili na kulibana mpaka unakumbuka madeni uliyowasamehe watu, sina uhusiano mzuri nayo. Kwa hiyo wifi yangu wa Houston aliponitumia tangazo la "picha ya joto", alijua anamtumia nani.

Tangazo lenyewe tamu. Mwanamke anatabasamu (sijui wanawake wa kwenye matangazo ya afya wanajua nini tusichokijua sisi). Habanwi, haguswi, hapigwi mionzi. Anasimama kifua wazi mbele ya kamera, anainua mikono, na picha inatoka na rangi zake: buluu penye ubaridi, njano na nyekundu penye joto. Wifi akasindikiza kwa ujumbe wa sauti, mrefu wa kukaangia samaki ukamaliza, akisema kipimo hiki kinaiona saratani miaka mingi kabla uvimbe haujatokeza, ila hospitali zinakificha kwa ajili ya biashara. Alikuwa ameshalipa kwa pesa yake, maana bima ilikataa. Hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Bima ikikataa kulipa, mara nyingi ni ubahili. Mara moja moja huwa imesoma.

Nikasoma na mimi, nikianzia kwenye masharti. Usipake losheni wala dawa ya kuzuia jasho. Usinywe kahawa. Usiote jua. Ukifika, kaa robo saa hivi kwenye chumba cha baridi mpaka mwili upoe na kutulia. Hebu yasome hayo ukiwa Dar es Salaam mwezi wa Februari. Kutulia! Mimi nikitoka kuoga nafika chumbani nimeshaloa upya, na hapo feni inazunguka. Umeme ukikatika tusiongee. Halafu kuna suala la umri. Tangu hedhi ianze kuniaga, joto hunipanda kutoka kifuani hadi kwenye mizizi ya nywele bila hodi, katikati ya kikao, katikati ya ibada, wakati wowote linapojisikia. Kamera ikinikuta saa hiyo itatoa picha nyekundu tupu, na mpiga picha ataita zimamoto.

Kamera yenyewe siilaumu. Inasoma joto la ngozi na inalisoma vizuri. Miale ya joto inayoinasa, isiyoonekana kwa macho, aliigundua William Herschel mwaka 1800, alipotawanya mwanga wa jua kwa prizimu na kuweka kipimajoto pembeni ya rangi nyekundu, mahali ambapo jicho halioni kitu, akakuta kinapanda. Leo mafundi umeme wanaitumia kutafuta nyaya zinazochemka ndani ya kuta. Wakati wa korona tuliipata sote milangoni mwa benki, mlinzi anakuelekezea kile kibunduki kwenye paji la uso. Mimi kiliwahi kunipa nyuzi 33 na mlinzi akanikaribisha ndani. Mtu mwenye nyuzi 33 hatakiwi kupanga foleni ya benki, anatakiwa wodini chini ya mablanketi.

Na wazo la kupima matiti kwa joto nalo halikuokotwa jalalani. Mwaka 1956 daktari mpasuaji wa Montreal, Ray Lawson, alieleza kwamba ngozi iliyo juu ya saratani ya titi huwa na joto kuliko jirani zake. Sababu inaeleweka: uvimbe una njaa, unajivutia mishipa mipya ya damu, na damu ikija inakuja na joto lake. Taabu ni kwamba uvimbe si peke yake unaopasha ngozi. Maambukizi yanapasha. Kunyonyesha kunapasha. Mzunguko wa mwezi unapasha. Na saratani iliyojichimbia ndani, au ile inayokua taratibu, inaweza kukaa pale ngozi ya juu isipate habari.

Wamarekani hawakubaki kubishana. Mwaka 1973 walianzisha mradi mkubwa wa kuchunguza matiti uliokuja kufikisha wanawake zaidi ya 280,000, na mwanzoni picha ya joto ilikuwemo, bega kwa bega na mamografia na daktari wa kupapasa kwa mkono. Haikumaliza safari. Waliitoa njiani kwa sababu saratani nyingi mno zilikuwa zinaipita mbele ya macho. Kwa maneno mengine, wifi yangu ameuziwa kama siri mpya kitu kilichofeli mtihani kabla yeye hajaanza darasa la kwanza.

Lakini wauzaji wana karatasi, na karatasi ndiyo inayonikera kuliko kamera. Mwaka 1982 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliruhusu picha ya joto itumike pamoja na mamografia, kama nyongeza. Basi wao wanasoma "iliruhusu" wanafunga ukurasa. Ni mtu mwenye leseni ya bodaboda anakuja kuendesha basi la Mwanza, ukimuuliza anakutolea leseni: kwani hii si leseni? Mamlaka yenyewe ilionya mwaka 2011, ikaonya 2017, ikaonya tena 2019, kwamba picha ya joto haiwezi kushika nafasi ya mamografia. Nilimtumia wifi maonyo yote matatu. Akajibu kwa kidole gumba, kile kinachoelekea juu, ambacho sijawahi kujua kama ni kukubali au ni kuniambia ninyamaze.

Kesho yake akanipigia. "Mionzi, wifi! Wewe huogopi mionzi?" Naiogopa. Ila mionzi ya mamografia ya kawaida inalingana na ile ambayo kila mtu anaipata bure kutoka ardhini na angani kwa kama wiki saba, akiwa amejikalia zake barazani. Huyu huyu wifi anapanda ndege Houston mpaka Dar, kwenda na kurudi, na huko juu ya mawingu mionzi ya angani ni mingi kuliko ya hapa chini. Sijamsikia hata siku moja akimlalamikia rubani.

Kubanwa, hapo ndipo sina utetezi. Nilimuuliza binti wa mashine, rika la mwanangu wa mwisho, kama ni lazima anikandamize hivyo au kuna kisasi cha ukoo sikijui. "Mama, likilala vizuri picha inakuwa safi, na mionzi inatumika kidogo. Sogea kidogo. Tena kidogo. Usipumue." Usipumue! Pumzi yenyewe ilishatoka. Na baada ya mateso yote hayo mashine si malaika: titi lenye tishu nzito linaficha saratani, wasichana mara nyingi wanapelekwa kwenye ultrasaundi badala yake, na kuna wanaoitwa tena kwa hofu kubwa kumbe hakuna kitu. Nimelisema hilo ili wifi asidhani nalipwa.

Isitoshe, yeye Houston anachagua kati ya kubanwa na kutobanwa. Huku kwetu wengi hawana cha kuchagua. Mashine ni chache, zimekusanyika mijini, na wanawake wengi wanafika hospitali uvimbe umeshakuwa mwenyeji. Shirika la Afya Duniani linataka mwanamke akishafika na dalili, jibu lipatikane ndani ya siku 60, na penye uhaba wa mashine linasisitiza mikono ya mhudumu aliyefundishwa kupapasa pamoja na kumkimbiza mgonjwa kwenye vipimo. Siku 60! Nawajua watu ambao barua ya rufaa peke yake imezeekea mkobani, wakisubiri nauli, wakisubiri ruhusa ya mume, wakisubiri mahindi yauzwe. (Na huyo mume asijione yuko salama sana, wanaume nao wanaipata saratani ya titi, wachache, ila wanaipata.)

Kwenye pengo hilo ndipo wanapoweka meza wale mabwana wa "kipimo cha mwili mzima". Mnawajua. Unashika kijiti cha chuma, kompyuta inalia, zinatoka kurasa za majibu: ini limechoka, madini yamepungua, nyongo ina mashaka. Kwa bahati njema poda ya kutibu yote hayo inauzwa meza ya pili. Bado hawajapata kamera inayotoa picha za rangi. Siku wakiipata, tumekwisha, maana sisi kitu kikiwa na rangi na hakiumi tunapanga foleni tangu alfajiri, mimi nikiwa wa tatu kutoka mbele.

Tunavyopenda rangi, mfano ni kila Oktoba. Fulana za pinki, keki ya pinki, matembezi ya asubuhi, picha za kutosha, halafu kila mtu nyumbani kwake na maziwa yake hayajaguswa na mhudumu yeyote. Mwaka huu kwenye kikoba chetu nikasimama. Nikawaambia sisi tuna michango ya harusi, michango ya ubarikio, michango ya kitchen party ya mtoto wa shangazi wa jirani, na kila mara tunapata pesa ya kitenge cha sare na mshono wake. Basi safari hii tuchange, wenye umri wa kupigwa picha wapigwe, wasichana wakapapaswe na wahudumu, twende siku moja kundi zima, tukaumie kwa pamoja.

Pakawa kimya. Mmoja akauliza kama kuna ile isiyobana. Nikaanza kueleza habari za Lawson na Montreal, wakaniomba nikae. Mwishowe mwekahazina, ambaye ndiye mwenye kikoba hata kama katiba inasema vingine, akafungua daftari.

"Wazo zuri, Mama. Sare yetu itakuwa rangi gani?"

"Hakuna sare," nikamwambia. "Kule tunavua."