Namna ya Kumtoroka Karani wa Sensa

Hatua ya kwanza: usimtoroke. Karani haji peke yake, huongozana na kiongozi wa mtaa au kitongoji anayejua hata jina la mbuzi wako. Ukijifungia leo, kesho watarudi. Isitoshe, Sheria ya Takwimu inamtaka kila aliyemo nchini ajibu, na ajibu kweli. Kukataa au kudanganya ni kosa lenye adhabu. Sheria hiyohiyo inambana na karani: anaapa kutunza siri, na akizitoa nje taarifa zako, mkosaji ni yeye. Hamchongei mtu kwa watoza kodi.

Basi mpe kiti. Anachotaka kwanza ni hesabu ya waliolala kwako usiku wa kuamkia siku ya sensa. Sensa iliyopita Tanzania ilikuwa Jumanne, tarehe 23 Agosti 2022. Shemeji aliyekuja kwa siku mbili na kulala sebuleni anahesabiwa kwako, hata kama mmegombana. Mlinzi aliyekesha lindoni anahesabiwa nyumbani kwake.

Umri usiubuni. Wengi wetu tunapenda 40, 45, 50, kana kwamba nchi hii watu huzaliwa kwa awamu. Kama bibi hajui mwaka wake, mkumbushane matukio: mwaka 1961, bendera ya Uhuru ilipopandishwa, alikuwa mwari au tayari ana mtoto mgongoni?

Ukiulizwa mnapikia nini, usitaje mtungi wa gesi uliovishwa kitambaa cha kufuma huku mkaa ukifuka uani. Mkaa ndio jibu. Choo, maji, sakafu, paa, vyote viseme vilivyo, maana kijiji kilichojidai kina maji ya bomba kitawezaje kulalamika kwamba hakina? Dini na kabila hutaulizwa. Mara ya mwisho viliulizwa mwaka 1967, tulipokuwa milioni 12 na ushei.

Yapo maswali ambayo baba mwenye nyumba anapaswa kuyanyamazia. Mama anaulizwa amezaa watoto wangapi, wangapi wako hai, wangapi wamefariki. Mwacheni ajibu mwenyewe, kwa mwendo wake. Pia huulizwa kama kuna aliyefariki katika kaya ndani ya miezi 12, na kama alikuwa mwanamke, je, ni kwa sababu ya ujauzito au uzazi? Ni swali chungu, lakini vifo vya kina mama vingi hutokea nyumbani, mbali na daftari la hospitali, na hapo ndipo vinapoonekana.

Sasa nifike kwenye linaloniuma. Zipo nyumba zinazotaja watoto watatu, na wa nne yuko chumba cha nyuma, mlango umerudishiwa, kwa kuwa hasemi au hatembei. Wengine humsahau dada wa kazi, aliyemletea karani maji ya kunywa dakika tano nyuma. Kichanga cha wiki moja naye huachwa, eti bado hajapewa jina. Mwaka 2022 tulihesabiwa 61,741,120, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Karibu milioni 17 wameongezeka ndani ya miaka 10, na wote hao wanahitaji chanjo, madawati, zahanati na walimu. Dodoso lina maswali mahususi kuhusu ulemavu: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia. Mtoto asiyetajwa hapo hatengewi mwalimu wa elimu maalumu wala kiti mwendo, na wilaya itaapa kwa nia njema kabisa kwamba haina watoto kama yeye.

Sensa hufanyika kila baada ya miaka 10. Karani ajaye akikuuliza walilala wangapi, tafadhali, fungua mlango wa chumba cha nyuma kwanza, umtaje yule mtoto kwa jina lake kamili.