Sifa za Dalali wa Vyumba

Dalali wa vyumba wa Dar es Salaam ametukanwa vya kutosha. Leo namsifia, tena kwa sauti, na mwenye kinyongo na hela yake ya usumbufu asubiri nimalize.

Walioshuka Mbezi Luis na begi na gunia la viazi kutoka Njombe wananielewa. Binamu aliyeahidi kukupokea hapatikani tangu basi lipite Chalinze. Dalali hupokea kabla simu haijaita mara mbili, na neno lake la kwanza ni "bosi". Miaka 22 niliyoishi kwetu hakuna aliyeniita bosi. Mji unaokupa cheo kabla hujapata kazi utauachaje?

Halafu huyu bwana ni mtaalamu wa ramani. Serikali ilipima viwanja vya Sinza miaka ya 1970, ikaweka mipaka, ikadhani imemaliza. Dalali anaitanua mpaka leo bila bajeti: Sinza yake imeshaimeza Tandale, imeingia Manzese, na sitashangaa ikifika Mburahati. Muda nao anaupima kwa rula hiyohiyo. Kwake kila nyumba iko dakika mbili kutoka lami. Dakika hizo nimezitembea kwa miguu, nikavuka mfereji, uwanja wa mpira na msiba mmoja. Zilichukua nusu saa, lakini nusu saa nzima nilikuwa na moyo wa mtu anayekaribia kufika.

Ila ufundi wake hasa ni kuuza upya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Dalali ndiye aliyegundua kwamba hata kidonda kinapakwa rangi. Chumba changu cha kwanza kilinukia rangi mpaka machozi yakanitoka. Jipsamu juu, malumalu chini, ukuta wa krimu usio na doa. "Wewe ndiye wa kwanza kulala humu, bosi." Mimi niliyekulia nyumba ya babu, kwenye kitanda walichokichosha kaka zangu watatu, nikajiona bwana harusi. Nililipa palepale: kodi ya miezi sita, mwezi wa dalali, na elfu kumi ya kuonyeshwa. Nusu gunia la viazi likaondoka naye pia. Hatukukubaliana hivyo, lakini alivyovisifia ningeona aibu kumnyima.

Masika yakaingia, rangi ikaanza kubanduka, na ukuta ukanitambulisha kwa walionitangulia. Chini ya krimu kulikuwa na bluu, chini ya bluu pinki, chini ya pinki kijani, na kwenye ile kijani mtu alikuwa ameandika kwa mkaa nani anadaiwa nini kwenye LUKU ya pamoja. Makumbusho hutoza kiingilio kwa historia isiyofika hata nusu ya hiyo, na hawakuruhusu kulala mle.

Na sisi tuliotoka shamba hatuondoki mji huu kirahisi. Mwaka 1983 serikali ilijaribu kututoa. Operesheni Nguvu Kazi iliwakusanya wasio na kazi maalumu na kuwapeleka vijijini wakalime. Wengi walirudi. Sensa ya 1967 ilikuta watu 272,821 mjini hapa. Ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728 mkoa mzima. Wataalamu watakwambia habari za ajira na huduma, nami sibishani nao. Nasema tu kwamba shamba lina udongo, lina mvua, lina hewa, halina wa kulisifia. Mweke dalali mmoja kijijini kwetu chini ya mparachichi, aseme konde hili halijawahi kuguswa na jembe la mtu, bosi, wewe ndiye wa kwanza, dakika mbili kutoka lami. Mabasi ya kurudi yatajaa mpaka kwenye ngazi.

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Jana nilimpigia simu nimsomee makosa yake yote. Nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi, mbele na nyuma. Akapokea kabla haijaita mara ya pili.

"Bosi! Ulijuaje? Kuna kipya Goba, mafundi wametoka leo asubuhi, hata kitasa hakijashikwa."

Nikaikunja karatasi, nikamwuliza kama maji yanatoka.