Chaguo-msingi la Nani?

Kila asubuhi nikifungua steshenari yangu hapa Iguguno, karibu na njia panda ya kwenda Nduguti, kazi ya kwanza ni kufuta vumbi. Upepo wa Singida hauna adabu. Hata ukifunga dirisha kwa misumari, utakuta juu ya meza udongo wa kutosha kupanda mtama. Kazi ya pili ni kuhamisha fanicha. Si za dukani, maana duka lina meza moja na benchi. Nasema za ndani ya kompyuta.

Nina programu ya kusomea PDF. Kusomea tu, jingine sikuomba. Lakini kila nikiifungua, kulia kunajipachika safu ndefu ya vitufe: hariri, saini, unganisha, geuza iwe hivi, geuza iwe vile. Vingi ukivigusa unaambiwa ulipie kwanza. Kushoto kuna picha ndogondogo za kurasa, zimepangwa kama vitumbua kwenye sinia. Juu kuna mistari ya alama ambazo sijui hata moja inaitwaje. Siku hizi kimeongezeka kidirisha kinachojitolea kunifupishia nyaraka, kana kwamba niliwahi kulalamika kuwa barua ya mtendaji wa kijiji ni ndefu. Na karatasi yenyewe niliyoifuata? Iko katikati, imebanwa kama abiria wa tano kwenye kiti cha nyuma cha Noah.

Basi nafunga cha kulia, nafunga cha kushoto, nakuza ukurasa hadi ujae upana wa skrini. Nasoma, naprinti, mteja anaondoka. Anaingia mwingine na faili lake, nafungua, na fanicha zote zimerudi mahali pake kama mbuzi wa jirani kwenye shamba la alizeti. Mbuzi angalau unamjua mwenyewe, unaweza kwenda kumgombeza. Hawa wa kwangu, mwenyewe anaishi ng'ambo.

Siku moja alikuja mama mmoja ambaye mwanawe amepangiwa shule ya bweni, kidato cha tano. Alikuwa na fomu ya kujiunga kwenye simu. Akanitumia, nikaifungua, naye akakaa kwenye benchi na kunitaka nimsomee vitu vya kununua, ili akitoka hapo apande gari la Singida mjini moja kwa moja.

"Godoro," nikasoma. "Ndoo. Shuka. Jembe na mpini wake. Fagio la chelewa."

"Ndoo ngapi, kaka?"

Nikatazama. Fomu ilikuwa na jedwali: kushoto jina la kitu, kulia idadi. Kulia ndiko kilikokaa kile kidirisha cha vitufe. Jina la kitu nikaliona vizuri. Idadi ilikuwa chini ya neno "saini".

"Ndoo... za kutosha," nikasema.

"Za kutosha ni ngapi? Na shuka?"

Nikakifunga kidirisha. Ukurasa ukaruka, ukajikuza, sasa nikaona idadi bila jina la kitu. Kulikuwa na mbili, nne, moja, mbili. Mbili za nini? Nikasogeza kushoto, namba zikatoroka. Nikasogeza kulia, majina yakatoroka. Mama akaanza kunitazama kama mtu anayejiuliza kama mwenye duka anajua kusoma.

Aliyeniokoa ni kijana fundi simu wa kibanda cha jirani, aliyekuja kuazima mkasi. "Mzee," akasema, "kumbe hujaweka chaguo-msingi?"

Akaingia kwenye mapendeleo ya programu, sehemu ya onyesho la ukurasa. Mpangilio akauweka ukurasa mmoja unaoteremka mfululizo. Ukuzaji akauweka upana wa ukurasa. Kisha akahamia sehemu ya nyaraka, akatia tiki penye kisanduku kinachoiambia programu ikumbuke hali niliyokiacha nayo kidirisha cha vitufe. Nilikiacha kimefungwa, basi kikae kimefungwa. Dakika mbili. Mimi nilikuwa nikiwafukuza mbuzi hawa miaka mitatu, na kumbe geti lilikuwepo.

Tukafungua tena fomu ya mama. Kulia kweupe. Lakini ukurasa ukaja mkubwa vilevile, herufi kama za bango la hadhara.

"Hapo sasa ni faili lenyewe," kijana akaeleza. "Aliyelitengeneza ameliwekea amri yake ya namna ya kufunguka. Faili likija na amri yake, inaishinda ya kwako." Kumbe kuna mgeni anayekuja na kitanda chake, na anakuchagulia pa kukiweka.

Na PDF ilizaliwa kwa nia njema kabisa. Adobe wa Marekani waliitoa mwaka 1993 ili karatasi ionekane vilevile kwenye kila mashine, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 32000. Ahadi hiyo imetimia: fomu inayosomwa Iguguno ni ileile inayosomwa Oslo. Karatasi hawakuigusa. Walichokijaza vyombo ni chumba cha kuisomea.

Hata neno lenyewe linaniudhi. Chaguo-msingi. Kiswahili cha kompyuta tunacho. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, menyu zote kwa lugha yetu, kwa hiyo sina ugomvi na wanaotafsiri. Ugomvi wangu ni na maana. Chaguo la nani? Mimi sikuchagua. Msingi wa nani? Mtu nisiyemjua, mwenye skrini pana kama mlango, amekaa akaamua nitakachokiona mimi asubuhi, kisha akakiita changu. Hotuba hiyo nilimtolea kijana nzima nzima, huku printa ikinguruma na fomu ya mama. Alikuwa ameshapata mkasi ila aliona haya kuondoka.

Nikapanga karatasi, nikamkabidhi mama. "Kurasa nane, nakala mbili, kumi na sita. Mia mbili mbili. Elfu tatu na mia mbili."

Hakufungua pochi. "Nani kakwambia nataka nakala mbili?"

"Huwa tunatoa mbili, mama. Ndiyo kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Kijana akakumbuka ghafla kwamba ana mteja, akaondoka.

Nilipokea elfu moja na mia sita, nikamtakia mama safari njema. Alipovuka barabara nikafungua mipangilio ya printa. Penye idadi ya nakala pameandikwa 2, na aliyeandika ni mimi, mwaka jana, msimu wa fomu kama huu. Nimerudisha 1. Ile nakala ya pili ilibaki mezani inakula vumbi, na kwa kuwa karatasi ni ghali, safu hii nimeiandika mgongoni mwake. Ndoo, kama mnataka kujua, ni mbili.